Mikononi Pamejaa

Mtu akitaka kujua familia ya mafundi makochi inakalia nini nyumbani kwake, jibu ni fupi: viti vya plastiki. Vinne vyekundu na kimoja cha bluu, na hicho cha bluu mguu wake umefungwa waya, kila mgeni huonywa kabla hajakikaribia. Si kwamba kochi hawakuwa nalo. Walikuwa nalo, tena la mbao ngumu, ila lilikuwa karakanani, mifupa mitupu, limeegemezwa ukutani likisubiri zamu yake tangu kabla Mama Chiriku hajaolewa kwenye familia ile. Lilikuwa kochi la mama mkwe wake. Mwenyewe alishaacha kulitaja. Akipita karibu nalo alitazama upande mwingine, kama mtu aliyepishana na mchumba wake wa zamani.

Ugonjwa wa karakana ile ulikuwa mmoja tu: kuvua. Baba mkwe wake Mama Chiriku, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Springi kwa jinsi alivyojua kufunga springi enzi za ujana wake, alikuwa hampi mteja nafasi hata ya kusalimia. Kochi likiingia tu, yeye na koleo. Ang'oe misumari, ararue kitambaa, atupe sponji kuukuu kule, mwenye kochi akiwa amesimama pale pale anatoa macho.

"Umeona?" anamwambia. "Kazi imeshaanza."

Mteja anaondoka na roho yake nyeupe. Na kweli, kochi lililokwisha kuvuliwa halirudi nyumbani, haliendi kwa fundi mwingine, wala halikaliwi. Linasogezwa ukutani. Anaingia mteja wa pili, la kwake nalo linavuliwa. Hivyo hivyo mpaka ua ukajaa mifupa, huku kila fundi ana vitu vitano mikononi, na anayehudumiwa ni yule aliyekuja kupiga kelele asubuhi hiyo. Kesho akija mwenye sauti kubwa zaidi, la jana linawekwa chini.

Kelele hizo zilikuwa zinamwishia Mama Chiriku masikioni. Kazi yake ilikuwa kupokea wateja, kununua vifaa, na kutukanwa.

Basi Jumapili moja, chai ikiwa mezani, Mzee Springi akakohoa, akasema: "Nimempata mtu anayetaka karakana aifanye ghala la saruji. Mimi nimechoka, wanangu. Nimechoka kujificha chooni nikisikia mlango unagongwa."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mume wake, Baba Chiriku, alikuwa seremala wa karakana, mtu wa maneno machache. Alijua la kufanya, na ndilo lililomkata mkewe maini: rafiki yake alikuwa ameshamtafutia nafasi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, mbali, kule ambako mtu anarudi nyumbani mara moja kwa miezi kadhaa na mtoto anamuuliza mama yake huyu ni nani. Jioni hiyo alilishusha begi kutoka juu ya kabati, akaliweka karibu na mlango. Chiriku, binti yao wa miaka minne, ambaye jina hilo alilipata kwa kutofunga mdomo tangu alipojifunza kuufungua, alilikagua, akaona linafaa, akamlaza mdoli wake ndani.

"Kumebaki kazi moja," Mzee alikuwa amemalizia. "Mabenchi ya wagonjwa ya ile zahanati mpya. Nilishaahidi, sirudi nyuma. Yakitoka yote salama kabla hawajafungua milango, nitafikiri upya. Yakiwa kama haya mengine, mwenye saruji aje na kufuli lake."

Mama Chiriku alipiga moyo konde.

Jioni, baada ya kumlisha mtoto, alikuwa anasoma masomo ya usimamizi wa kazi, kwenye darasa la shule ya msingi lenye madawati yanayobana magoti. Mwalimu wao hakuwa mtu wa maneno magumu. Siku moja alisimama mbele ya kila mwanafunzi akauliza swali moja: "Saa hii, mikononi mwako kuna kazi ngapi?" Mwenye saluni akasema nne. Msimamizi wa ujenzi akasema tisa, akajisifu. Mama Chiriku alianza kuhesabu makochi ya pale uani, vidole vikamwishia, akaona aibu akasema "kadhaa."

Kesho yake aliwahi karakanani kuliko wote. Alisimamisha kipande cha plaiwudi ukutani, akakichora mistari miwili kwa chaki, vikapatikana vyumba vitatu. Juu yake akaandika BADO, MIKONONI, IMETOKA. Akagongomea misumari midogo, akaanza kutundika vipande vya vitambaa. Kila kazi, kipande chake. Hapakuwa na haja ya jina: kila mtu pale alijua ua la zambarau ni la mwalimu mkuu na michirizi ya kahawia ni ya kinyozi. Mabenchi ya zahanati aliyakatia vipande vya ngozi bandia ya kijani, rangi ambayo Muuguzi Mkuu aliichagua mwenyewe.

Wa kwanza kuingia alikuwa shemeji yake, Sponji, mdogo wake Baba Chiriku, mkata sponji wa karakana, mwenye maneno kuliko redio.

"Shemeji, leo umeanika? Mbona vimenywea hivi?"

"Ngoja wenzio wafike nieleze mara moja."

Walipotimia, na mama mkwe naye ametoka nyuma ya cherehani yake akiwa na pini mdomoni, Mama Chiriku alieleza. Ambayo hatujaigusa inakaa Bado. Tunayoifanya leo inakaa Mikononi. Mteja akishaichukua, inahamia Imetoka. "Na Mikononi," akasema, "hapakai zaidi ya vipande vitatu. Cha nne hakiingii mpaka kimoja kitoke."

"Vitatu?" Mzee Springi alikunja uso. "Mimi nina mikono miwili. Mumeo miwili. Huyu Sponji ana mmoja na nusu..."

"Wa nusu ndio upi, Baba?"

"Ule unaoshika simu."

"Na haya yaliyovuliwa?" Baba Chiriku aliuliza, akionyesha ile mifupa ya ukutani.

"Yamewekwa Bado," mkewe akajibu.

Hapo Mzee aliumia. "Bado vipi? Hayo nimeshayaanza!"

"Umeyaanza, Baba. Lakini leo anayafanya nani?"

Mama mkwe alitoa pini mdomoni, akamtazama mumewe muda mrefu, akazirudisha.

Kila asubuhi walianza kusimama mbele ya ubao kabla ya kushika zana. Kila mtu alijibu maswali matatu: jana umetoa nini, leo unashika nini, na kipi kimekukwamisha. Kikao cha kusimama, Mama Chiriku alikiita, ili mtu asinogewe na kuanza hadithi. Mzee Springi alivuta kigoda chake akakaa.

"Baba, ni cha kusimama."

"Nakisimamia nikiwa nimekaa."

Ugomvi wa kwanza ulikuwa na mumewe. Alitaka kukata mbao za fremu zote kwa mkupuo. "Msumeno nikishaupanga vipimo, naukatia yote. Niupange mara kumi, mimi mwendawazimu?" Alikuwa na hoja, na mkewe aliikubali. Ila alimwomba atengeneze benchi moja tu kwanza, walivalishe, wakalionyeshe.

"Kuonyesha kitu hakijaisha?"

"Lenyewe litakuwa limeisha. Ni wenzake ndio bado."

Akalitengeneza, kwa shingo upande. Sponji akafunga mikanda ya mpira na kubandika sponji, mama mkwe akashona ngozi bandia, na Mzee akalivalisha kwa bunduki yake ya stepla, akinung'unika kwamba benchi lisilo na springi ni ubao uliovaa nguo. Wakalipakia kwenye mkokoteni.

Muuguzi Mkuu wa zahanati alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alilizunguka benchi, akalipapasa, akajibwaga juu yake.

"Aa, tamu. Yaani ningelala." Kisha akataka kuinuka. Akashindwa. Akajaribu tena, akamnyooshea Baba Chiriku mkono. "Fundi, hebu nivute. Sasa sikiliza. Mimi nina nguvu zangu. Mama mwenye mimba ya miezi minane akikaa humu, tutamzalishia hapa hapa. Liinue kidogo. Na mniwekee pa kushika, pembeni na katikati."

"Sawa, Sista," alisema Baba Chiriku, akikuna kichwa.

Njia nzima ya kurudi alisukuma mkokoteni bila neno. Walipofika getini ndipo alipofungua mdomo: "Ningekuwa nimeshakata zote." Basi. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba, na Mama Chiriku aliingia ndani akitabasamu kama aliyeokota kitu.

Mambo yakashika kasi. Benchi la kwanza likarekebishwa, la pili likafuata likiwa limeinuka na mikono yake, la tatu hata Muuguzi Mkuu hakulijaribu, alilielekezea ukuta tu. Katikati ya mabenchi, kinyozi alipata kochi lake, akalizunguka mara mbili kuhakikisha ni lenyewe. Chumba cha Imetoka kikaanza kupendeza kwa rangi. Mama mkwe alianza kuimba kwenye cherehani, kitu ambacho Sponji alisema mara ya mwisho kukisikia alikuwa ananyonya.

Ila jaribu lilikuja, nalo lilikuja na kochi la viti vitatu lililobebwa na vijana wawili, nyuma yake mwenye duka la dawa. Mzee Springi alipoliona tu, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye koleo. Alishasogea, ameshapata ule msumari wa kwanza wa pembeni ambao aliujua kama anavyojua meno yake. Cherehani ikanyamaza.

"Baba," Sponji aliita polepole, kama anayemwita mtu aliyepanda kwenye paa. "Mikononi pamejaa."

Mzee aligeuka akatazama ubao. Vipande vitatu. Akatazama msumari. Akatazama ubao tena. Kisha akarudisha koleo mfukoni taratibu, utafikiri lina uzito wa gunia.

"Mama," akamwambia mwenye duka la dawa, "kochi lako rudi nalo. Zamu yako ikifika tutakufuata wenyewe. Kwa sasa endelea kulikalia."

"Nilikalie tu?"

"Si ni lako?"

Yule mama aliondoka akicheka na kochi lake. Mzee Springi alienda kunywa maji, akanywa bilauri mbili. Mama Chiriku alichukua kipande kidogo kutoka chini ya kochi lile kabla halijavuka mlango, akakitundika Bado, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Sasa, ubao ule ulikuwa na tundu moja ambalo hakuna aliyeliona, kwa sababu aliyeuchora ndiye aliyekuwa ndani ya hilo tundu.

Kila kazi ilikuwa na kipande. Fremu, sponji, kushona, kuvalisha, kupeleka. Kazi ya Mama Chiriku ya kununua vifaa haikuwa nacho. Hakufanya makusudi. Ndivyo alivyokuwa hata nyumbani: anapakua chakula, anapanga sahani, kila mtu anapata, kisha anakaa na kugundua hana sahani. Na kwenye kikao cha asubuhi ndiye aliyeuliza yale maswali matatu. Anayeuliza haulizwi.

Alipokwenda kuchukua marobota mengine ya ngozi bandia, muuza vitambaa alifungua mikono. "Ya kijani imekwisha, Mama Chiriku. Na kiwanda kimeacha kabisa rangi hiyo. Nitakupa nini, damu yangu?"

Hakumwambia mtu. Alijisemea atalimaliza kimya kimya, wenzake wasijue hata kama lilikuwepo. Mapumziko ya mchana yakawa ya kuzunguka madukani, kipande cha kijani mfukoni. Duka hili lina kijani kama chura. Lile lina kijani kama chupa. Alirudi karakanani miguu inawaka, anakunywa maji, anauliza wengine wamefikia wapi. Kila alipotaka kusema, alimwona akilini Mzee Springi akikohoa na kutamka neno moja: "Nilijua." Ubao ule ulikuwa wazo lake. Ukianguka, begi la mlangoni litaondoka na mumewe.

Jioni moja alimkuta mumewe amechuchumaa mbele ya begi hilo, shati moja mkononi, hajui aliweke wapi.

"Baba, mdoli amelala," Chiriku alimwonya. "Usimwamshe. Ana homa."

"Homa ya nini?"

"Ya kusubiri."

Baba Chiriku alimtazama mkewe. "Mabenchi si yanakwenda vizuri?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lilifika kwenye ulimi, likakaa. "Yanakwenda," akajibu, akajitia kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Lakini ubao hausemi uongo muda mrefu. Asubuhi iliyofuata, kwenye kikao, mama mkwe alitoa pini zake mdomoni. "Jana nimemaliza kushona moja. Leo nashika linalofuata, na ngozi niliyonayo ni ya hilo hilo tu. Baada ya hapo labda nishone gauni langu."

"Haya," alisema Mama Chiriku haraka. "Sponji, wewe?"

"Subiri kwanza." Alikuwa Mzee Springi, kutoka kwenye kigoda. "Na wewe?"

"Mimi nini, Baba?"

"Jana umetoa nini? Leo unashika nini? Nini kimekukwamisha? Au haya maswali ni ya sisi tusiosoma jioni?"

Sponji alianza kucheka, akaona uso wa shemeji yake, akaacha. Mama Chiriku alifungua mdomo atoe jibu la kupitisha siku. Badala yake, mkono wake uliingia mfukoni ukatoka na kile kipande cha kijani, kimejikunja kwa jasho, pembe zimekatika.

"Kijani imekwisha," akasema. "Imekwisha kabisa, hata kiwandani. Nimezunguka maduka yote. Sikuwaambia. Nilidhani nitaipata." Kisha yote yakamtoka kwa pamoja, duka baada ya duka.

Alisubiri lile neno. Alilisubiri akiangalia vumbi la mbao sakafuni.

Kigoda kililia. Mzee Springi alikuwa amesimama, mara ya kwanza tangu vikao vianze. Alikichukua kile kipande mkononi mwa mkwe wake, akakinyoosha kwa dole gumba, akagongomea msumari mpya kwenye ubao, akakitundika Mikononi.

"Hii nayo ni kazi," alisema. "Ilikuwa wapi?"

"Mfukoni, Baba."

"Umeninyang'anya koleo langu kwa sababu ya ubao huu, binti yangu, halafu wewe una kazi mfukoni?" Hakuwa amekasirika. Alionekana zaidi kama mtu aliyepata mwenzake.

"Shemeji," Sponji alidakia, "siku zote hizi unatembea na msumari kwenye kiatu, halafu kila asubuhi unatuuliza sisi kama viatu vinatubana?"

Mama mkwe alimpiga Sponji kofi dogo la bega, akamshika mkwe wake kiuno. "Mwanangu, mimi nimenyamaza miaka juu ya kochi langu. Angalia limenisaidia nini. Usinifuate huko."

"Vimekuwa vinne," alisema Baba Chiriku, macho kwenye ubao.

Ilikuwa kweli. Mikononi palikuwa na vipande vinne. Mzee alifikiri, akashusha kimoja, benchi ambalo lisingeweza kuvalishwa bila ngozi, akalirudisha Bado. "Hilo ni lako, Baba Chiriku. Acha fremu. Nenda na mkeo. Muuza vitambaa ana rangi gani nyingi?"

Mama Chiriku alipangusa pua. "Ya machungwa. Imejaa mpaka darini. Hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kuinunua."

"Ya machungwa ile inayong'aa?" Mzee alifumba macho kama aliyeoneshwa tochi. "Basi chukueni kipande chake, mpelekeeni Sista leo hii. Akikataa, akatae leo, tusingoje akatae siku ya kufungua."

Walimkuta Muuguzi Mkuu akipanga kabati la dawa. Mama Chiriku alieleza bila kuzunguka, akaweka vipande viwili mezani, cha kijani na cha machungwa. Yule mama alivaa miwani yake, akavitazama, akamtazama yeye.

"Umejua lini?"

"Siku nyingi kidogo, Sista."

"Mbona hukuja?"

"Niliogopa kuonekana nimeshindwa."

Muuguzi Mkuu alivua miwani. "Unajua, wagonjwa wangu nusu wanachelewa kuja kwa sababu hiyo hiyo. Wanakuja wakati kidonda kimeshakuwa na jina." Akaichukua ile ya machungwa, akaiweka ukutani upande wa dirisha, akarudi nyuma hatua chache. "Hapa ndani kuna kitu kinaninyima usingizi. Watoto wa chanjo wanakuja wazima, wanakaa bega kwa bega na watu wanaokohoa, wanarudi nyumbani na kikohozi. Nikibandika tangazo, nani atalisoma na mtoto analia? Lakini nikisema 'watoto kaeni kwenye machungwa'..." Akaanza kucheka mwenyewe. "Hata kipofu ataiona rangi hii. Nileteeni."

Barabarani Baba Chiriku alimshika mkewe mkono. Alikuwa ameshasema hotuba yake ya mwaka.

Isidhaniwe kwamba kila kitu kilinyooka. Ngozi ya machungwa ilikuwa ngumu kuliko ile ya kijani, iliwavunjia sindano, na mama mkwe aliiita majina ambayo Chiriku aliyarudia nyumbani kwa siku kadhaa. Siku ya zahanati kufunguliwa ilifika benchi moja la watoto likiwa bado liko Mikononi. Lakini Muuguzi Mkuu alilijua hilo mapema, maana kila jioni Mama Chiriku alikuwa akipita kumwambia yametoka mangapi, na walishakubaliana. Benchi lingekuja likiisha. Kwa siku hiyo, nafasi yake ilizibwa na viti vinne vyekundu vya plastiki kutoka nyumbani kwa mafundi makochi.

Familia nzima ilisimama nje ya dirisha la zahanati kuchungulia. Milango ilifunguliwa, watu wakaingia. Kina mama wakaelekezwa kwenye machungwa, na watoto wakalikimbilia benchi la kwanza kama bembea. Bibi mmoja mwenye fimbo alikaa kwenye la kijani. Lilipoitwa jina lake, aliweka kiganja kwenye ule mkono wa katikati, akajisukuma, akainuka mwenyewe bila kuvutwa na mtu. Akageuka kulitazama benchi, akalipiga piga kama mtu anayempongeza punda.

Mzee Springi alitoa leso, akapenga kamasi kwa kelele. "Vumbi," alisema.

"Hapa pamepigwa deki sasa hivi, Baba," Sponji akasema.

"Vumbi la ndani."

Waliporudi walimkuta mwenye saruji getini, futi ya kupimia mkono mmoja, kufuli jipya mkono mwingine, bado liko kwenye pakiti yake. "Mzee, nimekuja kama tulivyosema. Naona leo kazi yenu imekwisha."

Mama Chiriku alihisi mtoto akimvuta gauni, hakumsikia anasema nini. Mzee Springi alipita katikati ya ua, polepole. Mifupa ya ukutani ilikuwa imepungua, mtu aliweza kuuona ukuta wenyewe. Akafika kwenye ubao, akausoma kuanzia kushoto. Ua la zambarau la mwalimu. Kipande cha mwenye duka la dawa. Vingine vingi, Bado. Mikononi, benchi la mwisho la machungwa na kochi moja.

"Vipo vingapi hapa?" akauliza.

"Viwili, Baba," mkwe wake akajibu.

Mzee alifungua sanduku lake la zana, akachimba chini kabisa, chini ya springi zenye kutu, akatoa kitambaa chenye mawaridi yaliyofifia. Alikuwa nacho muda wote ule. Akakitundika Mikononi, cha tatu, akakisawazisha kisikae upande.

Mama mkwe alikitazama. Safari hii hakugeuza uso. "Springi," alisema, "usiponifungia springi ndani yake, nakuacha. Na usinichagulie ngozi ya machungwa."

"Mzee," mwenye saruji alikumbusha, "kuhusu ghala..."

"Samahani sana, bwana." Mzee Springi aligeuka, mikono nyuma. "Mikononi pamejaa."

"Sijakuelewa."

"Sponji, mweleze. Mwanzo mpaka mwisho. Akitaka kukaa, hakuna kiti, viko zahanati."

Mama Chiriku hakusubiri kusikia maelezo. Alisogea kwenye ubao, akakata kipande kutoka kwenye gauni la Chiriku lililombana, lenye vitone vyeupe, ambalo alikuwa akilitumia kufutia chaki. Akakitundika Bado. Kilikuwa cha kununua vifaa, na kila mtu akijue.

Jioni, nyumbani, walikaa sakafuni, kwa kuwa vyekundu vilikuwa bado zahanati na kile cha bluu kilikuwa na mwenyewe, Mzee Springi. Baba Chiriku aliinuka, akaenda mlangoni, akalishika begi ili alirudishe juu ya kabati.

"Baba!" Chiriku aliruka. "Mdoli amelala humo! Homa imeshuka sasa hivi."

Baba Chiriku alimtazama mdoli. Akalitua begi chini taratibu, akalivuta zipu kidogo, asipigwe na baridi.

"Mwache alale," akasema.